Mahindi ya Nyuma ya Ploti

 

Nataka kuanza na mistari mitatu ya mahindi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la sita. Tulipanga chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi na viwili, katika mji mmoja wa upande huu wa Mlima Kenya. Nyuma ya ploti hiyo, baina ya ukuta wa mawe na mtaro wa maji ya barabara, palikuwa na kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekidai. Upana wake hatua nne, urefu wake ule wa ukuta. Kilikuwa kimejaa nyasi, chupa na mifuko ya plastiki. Mama alikisafisha Septemba nzima, jioni akitoka kibaruani, na mvua ya Oktoba iliponyesha akatia mbegu: mahindi mistari mitatu, maharagwe katikati. Kufikia katikati ya Desemba mahindi yalikuwa yamenipita kimo na mbelewele zimeanza kutoka. Asubuhi moja wakaja vijana wanne na panga. Hawakuwa wakali. Walianzia mwisho wa ukuta, watatu wakikata, kila mmoja na mstari wake, na wa nne akikusanya. Mama akatoka na leso begani, akauliza kosa ni lipi. Mmoja akamwambia, "Mama, tumetumwa. Mahindi mjini yanaficha mbu na wezi." Mama akauliza, "Na maharagwe?" Yule kijana akatazama chini kidogo, akasema, "Maharagwe hatujaambiwa."

Jirani mwenye ng'ombe alikuja na mkokoteni akabeba yaliyolala. Sisi watoto tulitafuna mabua kama miwa. Yalikuwa matamu sana, na hadi leo nakumbuka nilivyoona haya kwamba yalikuwa matamu.

Yaliyonileta mbele yenu leo ni yale yaliyofuata. Mama hakukiacha kile kipande. Aliacha kupanda chochote kinachokaa shambani zaidi ya mwezi. Akapanda terere, managu, dania, mboga za kuchuma upesi kabla hawajarudi. Hakutia samadi tena, kwa sababu samadi hununuliwa kwa mkokoteni na nguvu yake huonekana hadi msimu wa pili, na msimu wa pili hakuwa na hakika nao. Hakuchimba kingo za kuzuia maji. Mwaka wa tatu udongo ulikuwa umechoka, majani yamegeuka njano, na akaacha. Hakuna aliyekuja kumfukuza mara ya pili. Hakukuwa na haja.

Nimetembea na wakulima wa mjini kwa miaka mingi tangu wakati huo, Dallas na Majengo kule Embu, Mjini na Makutano hapa Meru, na namwona mama yangu kila mahali. Namwona kwa mtu anayelima kando ya uzio kwa jicho moja huku jicho la pili liko barabarani. Analima, hakuna anayemkataza, na hakuna aliyemruhusu. Afisa akiwa mpole, watu wanakula mboga. Akihamishwa akaja mwingine, panga zinatoka. Ninaloomba ni dogo kulitamka na kubwa kulitenda: kila kaunti kati ya hizi mbili iwe na ruhusa ya kilimo cha mtaani iliyoandikwa, ambayo mama mboga anaweza kuiwekea kidole na kusema, "Soma hapa."

Kuna jibu ambalo nimelisikia mara nyingi, na husemwa na watu wema. Husema: hapa si Nairobi, kila mtu hapa ana shamba nyumbani. Ndugu zangu, shamba nyumbani limekuwa hadithi kwa wengi wetu. Ardhi ya mlimani ilikusanywa na kupimwa miaka ya mwisho ya ukoloni na ya mwanzo ya Uhuru, baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, na babu akapewa cheti cha ekari kadhaa. Babu akawa na wana watano, na kila mwana akawa na wake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika kaunti ya Meru na 608,599 katika kaunti ya Embu, na ekari za babu hazijaongezeka hata moja. Mjukuu anarithi kipande cha kujengea nyumba. Mjukuu wa kike, japo Katiba imempa haki sawa na kaka yake, mara nyingi anarithi maneno matamu. Kisha wapo waliokuja kufanya kazi kutoka Kitui, Busia, Marsabit, walimu na wauguzi na vijana wa bodaboda, ambao shamba lao nyumbani liko mbali. Hawa ndio wapangaji wetu. Wanakaa juu ya udongo mwekundu wa volkano, udongo ambao watu wa nchi nyingine wangeulilia, na wananunua kila jani wanalokula.

Mpangaji anayenunua mboga ya shilingi hamsini kwa siku anatumia shilingi 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Na hiyo ni mboga tu, hatujagusa unga wala mafuta. Katika nyumba nyingi za ploti hizo ni kodi ya miezi kadhaa. Mboga ikipanda bei Januari kwenye kiangazi, hiyo ndiyo inayopunguzwa kwanza katika sahani, na anayepungukiwa kwanza ni mtoto.

Sasa tuulize marufuku ya kulima mjini ilitoka wapi, maana haikuota yenyewe. Miji yetu ilianza kama boma za serikali. Embu mwaka 1906. Meru miaka michache tu baadaye, E. B. Horne, yule ambaye Wameru walimwita Kangangi, alipokuja kuisimamisha. Boma ilikuwa mahali pa ofisi, polisi, duka la Mhindi na nyumba za watumishi. Mwafrika alitakiwa mjini awe mikono ya kazi, na shamba lake likawekwa nje ya mpaka, katika eneo la wenyeji. Kanuni za miji zikafuata mawazo hayo: nyumba huku, shamba kule. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya sheria zetu, nayo imebeba tangu zamani hizo mamlaka ya kuzuia mimea na umwagiliaji ndani ya miji pale vinapoonekana kuhatarisha afya, na moja ya hofu za wakati huo ilikuwa malaria.

Hofu ya mbu siidharau. Niliwahi kuidharau nikiwa kijana mwenye hasira za mahindi ya mama, kisha nikasoma. Watafiti waliofanya kazi Ethiopia waligundua kwamba mahindi yanapotoa chavua, ile poda ya manjano ya mbelewele huanguka katika vidimbwi vilivyo karibu na kuwa chakula cha viluwiluwi vya Anopheles, mbu wa malaria, nao hukua haraka na kuwa wanene. Kwa hiyo wale waliosema mahindi na mbu vina uhusiano hawakuwa wakiota. Lakini tazameni uhusiano wenyewe. Mbu huyo hazaliwi kwenye jani la mhindi. Anazaliwa katika dimbwi, na dimbwi lipo kwa sababu mtaro umeziba au barabara ina shimo. Ukikata mahindi ukaacha dimbwi, mbu yupo. Ukiziba dimbwi ukaacha mahindi, hakuna mbu wa kuzaliwa hapo. Nyuma ya ploti yetu, mahindi yalikatwa asubuhi moja, na ule mtaro uliokuwa na maji ya kijani yaliyotuama ulibaki vilevile hadi tulipohama.

Na wezi? Mimea mirefu kando ya njia ya watoto wa shule au ya mama anayetoka sokoni usiku ni jambo la kuwekewa kanuni, nakubali kwa moyo wote. Iandikwe kwamba karibu na njia ya miguu, hatua kadhaa, pasipandwe kinachopita kiuno. Sukuma, maharagwe, viazi vitamu, spinachi: hakuna mwizi anayejificha katika spinachi.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu tunalo jambo la historia ambalo ni letu sisi wa Meru na Embu, na tunalisahau. Miaka ya mwanzo ya ukoloni Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kulima kahawa. Walowezi walikuwa na sababu zao, na walizieleza kwa sauti ya kitaalamu. Walisema wakulima wadogo watashindwa kutunza miti, wadudu na magonjwa yatatoka katika vishamba vyao na kuvamia mashamba makubwa. Walisema ubora utashuka na jina la kahawa ya Kenya litaharibika. Walisema pia kwamba Mwafrika akiwa na kahawa yake ataiba ya mzungu na kuichanganya, na hakuna atakayejua. Magonjwa na wizi. Mnazisikia? Ni sababu zilezile tunazopewa leo kuhusu mahindi ya mtaani.

Kisha, katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ikakubali kujaribu, na mahali ilipojaribu ni Kisii, Embu na Meru. Haikusema "limeni mnavyotaka". Iliweka idadi ndogo ya miti kwa kila mkulima, ikaweka maafisa wa kukagua, ikaweka utaratibu wa miche na wa kuuza. Baadhi ya kanuni hizo zilikuwa za kubana kupita kiasi, sizisifu. Ila tokeo tunalijua kwa sababu tumelelewa nalo. Mashamba hayakuangamia. Babu zetu walijifunza kupogoa na kupulizia, wakaunda vyama vya ushirika, wakajenga viwanda vya kumenya kahawa kando ya mito, na leo sehemu kubwa ya kahawa ya nchi hii hutoka mikononi mwa wakulima wadogo. Wengi waliosoma hapa ndani, karo yao ilitoka katika miti hiyo. Marufuku ilipogeuzwa kuwa kanuni, hofu zikapata dawa moja moja. Kwa hiyo kaunti ya Meru au ya Embu ikiwaambia watu wa mtaa kwamba hawawezi kuaminiwa na bustani, inakuwa imesahau ilikotoka.

Wenzetu jirani wameshavuka mto huu. Mwaka 1985 taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilipita nyumba kwa nyumba katika miji sita ya Kenya, Isiolo na Kitui zikiwamo, majirani zetu hawa wa kaskazini na mashariki. Ikakuta kwamba kaya 29 katika kila 100 zinalima ndani ya mji zinamoishi, na 17 katika kila 100 zinafuga humo humo. Hayo ni ya 1985, wakati karibu kila baraza la mji lilikuwa likihesabu jambo hilo kuwa kosa. Tanzania iliandika kanuni za kilimo cha mijini mwaka 1992, zikaweka mipaka: ardhi isizidi ekari tatu kwa mtu, ng'ombe wasizidi wanne na wafugiwe zizini. Kampala ikapitisha sheria zake ndogo mwaka 2006, za mimea, mifugo, samaki, maziwa na nyama. Nairobi, mji tunaosema kila siku kwamba hauna nafasi ya kupumua, ulipitisha sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015, na ikataka wakazi wa mitaa yenye msongamano na ya mabanda wapewe kipaumbele.

Na sisi wenyewe, wakati wa korona mwaka 2020, tuliona Wizara ya Kilimo ikizindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Waziri aliyekuwa akiuongoza, Peter Munya, alikuwa gavana wa kwanza wa Meru. Serikali ikihimiza mwananchi apande mboga mlangoni kwake, halafu kanjo, askari wa kaunti, anamwuliza nani kakuruhusu, mwananchi amsikilize nani?

Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Jedwali la Nne limezipa serikali za kaunti kilimo na pia mipango ya ardhi. Kazi hizo mbili ziko chini ya paa moja, na mara nyingi afisa wa kilimo anagawa miche ya parachichi kijijini huku afisa wa mipango, mlango wa pili, anaona mti wa parachichi mtaani kuwa matumizi mabaya ya ardhi ya makazi. Sheria ya mipango ya ardhi na matumizi yake ya 2019 inazitaka kaunti kuwa na mipango na kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya kuipitisha. Huko ndiko pa kulipeleka jambo hili, katika mpango wa mji, ili eneo la makazi liandikwe kuwa ni la nyumba pamoja na bustani.

Nitatoka nje kidogo, mnivumilie. Mwaka 1908, Kangangi akiwa katika hizi kazi zake za boma, bunge la kwao Uingereza lilipitisha sheria ya vishamba vya wakazi wa mijini. Sheria hiyo ilizilazimu serikali za mitaa kutafuta ardhi ya bustani wakazi wakiihitaji. Na ombi la watu sita tu wanaolipa kodi au kupiga kura mahali hapo lilitosha kulifanya baraza likae kulizungumza. Sheria hiyo ipo hadi leo. Kishamba cha kawaida huko kina ukubwa wa kama mita za mraba 250. Ploti yetu ya hamsini kwa mia, kwa futi, ni mita za mraba 465. Yaani mfanyakazi wa kiwanda wa Kiingereza alitengewa zaidi ya nusu ya ploti yetu apande viazi na kabichi, ndani ya mji, kwa haki, wakati huku nje taifa hilohilo lilikuwa likiandika kwamba shamba na mji havikai pamoja. Napenda ile namba ya watu sita. Sita ni milango ya ploti moja. Sita ni wanawake wa chama kimoja wakiwa wameketi chini ya mwembe.

Basi nani apewe nini? Mwenye ploti yake na nyumba yake, aruhusiwe kulima ua wake bila kuomba, akifuata kanuni za usafi. Mpangaji, kwa makubaliano na mwenye ploti, aruhusiwe bustani ya gunia na ya vyombo mahali popote ambapo haizibi njia wala mlango wa kuokolea watu moto ukizuka. Kikundi cha wakazi sita au zaidi kiweze kuomba kipande cha ardhi ya umma kisichotumika, kipewe barua yenye mipaka, muda na tarehe ya mwisho, tuseme miaka mitatu inayoweza kuongezwa.

Kuhusu gunia, wapo wanaofikiri ni mchezo wa watoto. Baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités lilieneza magunia haya Kibera mwaka 2008, mahali ambapo hakuna hata uwanja wa kuanikia nguo, na familia zikachuma. Kazi yake ni ya asubuhi moja. Unachukua gunia la kilo tisini na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa kitako. Unaliweka kopo katikati ya gunia, unalijaza mawe madogo, kisha unazungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Udongo ukifika ukingo wa kopo, unalivuta juu taratibu, mawe yanabaki yamesimama kama nguzo. Unajaza tena mawe, unazungusha tena udongo, hadi juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo koo la gunia: maji unayomwaga juu yanashuka nayo na kuenea kila upande badala ya kutuama juu. Kisha unatoboa matundu ubavuni kwa kisu, ya kupenya vidole viwili, umbali wa kiganja, na kuchomeka miche. Sukuma arobaini zinaingia, na vitunguu vinapandwa juu. Halimezi nafasi zaidi ya kiti. Wiki ya nne unaanza kuchuma majani ya chini, na ukichuma kwa adabu, bila kugusa kile kitovu cha juu, gunia linakulisha miezi.

Maji ndiyo shida ya kweli, na hapa siwezi kuwa mwepesi. Mito yetu, Kathita hapa na Rupingazi kule Embu, inapita katika miji ikibeba kila tulichotupa. Kumwagilia mboga za majani kwa majitaka ni kupeleka minyoo na homa ya matumbo sahani kwa sahani. Kanuni ikataze hilo bila huruma. Maji ya kufulia yaende kwenye mgomba, yasiende kwenye spinachi. Ukingo wa mto uachwe: sheria zetu zinatambua kati ya mita 6 na 30 kutoka alama ya mafuriko, na bustani isiwe kisingizio cha kuuvamia. Paa la mabati la vyumba kumi na viwili hukusanya maji mengi ambayo leo yanamwagika mtaroni. Mwenye ploti anayeweka tangi na mfereji wa bati apunguziwe kodi ya ardhi kidogo, naye atakuwa amewasaidia wapangaji na barabara pia. Udongo nao ukaguliwe mahali palipokuwa gereji, kwa sababu betri kuukuu huacha risasi ardhini, na risasi hudumaza akili za watoto. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO pale Embu na chuo kikuu hapa Nchiru. Vijiko vichache vya udongo kwa kila kikundi si mzigo kwao.

Dawa za kupulizia zinanitisha kuliko mbu. Mkulima wa kijijini akipulizia, upepo unapeleka dawa kwenye kichaka. Ndani ya ploti unaipeleka kwenye chandarua cha jirani na uji wa mtoto. Mtaani itumike majivu, pilipili, maji ya sabuni kwa vidukari, na pale dawa ya dukani inapolazimu, iwe kwa ushauri wa afisa na siku za kungoja kabla ya kuchuma ziheshimiwe. Mifugo nitaipita haraka: kuku wachache na sungura hawana neno wakisafishiwa, nguruwe hapana katika ploti za vyumba. Ng'ombe anahitaji nafasi ambayo wengi hawana, na mbuzi wa maziwa aliyechanganywa na Toggenburg, anayefugwa sana huku Meru tangu miaka ya 1990, anakaa vizuri katika kibanda kilichoinuliwa kutoka chini.

Kuna hofu moja ambayo haitamkwi mikutanoni ila nanong'onezwa mlangoni nikitoka: ukimpa mtu ardhi ya umma alime, kesho atajenga, kesho kutwa ataonyesha cheti. Hofu hii ina haki yake. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 ilituonyesha jinsi viwanja vya umma, vya shule, hospitali, masoko na barabara, vilivyogawiwa watu binafsi. Lakini kumbukeni waliovichukua. Hawakuwa wanawake wenye majembe. Walikuwa watu wenye barua kutoka ofisini, na vingi vya viwanja hivyo walivipata vikiwa vitupu, vimeota nyasi, hakuna anayepita hapo kila asubuhi. Kiwanja chenye familia ishirini ndani yake, kila moja ikijua tuta lake, kina macho arobaini. Mtu akija na mkanda wa kupimia saa kumi na mbili asubuhi, habari itafika kwa mwakilishi wa wadi kabla ya chai.

Hata hivyo kanuni iwe kali hapa, na desturi yetu inatusaidia. Kwetu mti ni dai. Anayepanda mkahawa au mparachichi anasema hapa ni pangu na pa wanangu. Anayepanda maharagwe anasema nitavuna niondoke. Basi katika ardhi ya umma isipandwe mimea ya kudumu, pasiwekwe hata nguzo ya nyumba, majina ya kikundi yabandikwe kwenye ofisi ya wadi, na ramani ya kiwanja ichorwe siku ya kwanza. Watu wetu wanaweza kusimamia haya. Tuna miradi ya maji mlimani ambako familia mamia zinagawana bomba moja kwa zamu, na kamati inajua nani alifungulia usiku. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, imeamua mambo ya ardhi na maji tangu kabla ya boma kuwapo.

Kifungu ninachokitaka kuliko vyote ni kifupi, na nimekiandika mwenyewe ili wakili akisahihishe. Kinasema: mmea wowote wa chakula uliopandwa kwa nia njema katika eneo la makazi hautakatwa na afisa yeyote kabla ya kuvunwa, isipokuwa umehatarisha uhai, na anayeambiwa aondoke atapewa notisi kwa maandishi yenye muda wa kutosha kuvuna alichokwisha kupanda.

Mahindi ya mama yalibakisha wiki tano.